HDR ya Dukani na Uso wa Bibi Harusi

Leo hatukuja na pishi wala mapambo ya nyumba. Tumekuja na jambo la TV na simu. Tunajua wako watakaosema hayo ni mambo ya vijana na wanaume. Subirini kwanza tuwaeleze yaliyotukuta Bara, kisha muamue wenyewe kama hayatuhusu.

Ndugu yetu mmoja, mtoto wa Unguja, ameolewa Bara zaidi ya miaka ishirini sasa. Anakaa Katoro, mkoa wa Geita, mji uliokua kwa biashara na pesa ya wachimbaji wadogo wa dhahabu. Anauza chai, maandazi na wali kwa hao hao wachimbaji. Anaamka saa tisa usiku, na anayeamka saa tisa usiku kila siku anaijua thamani ya shilingi. Binti yake aliolewa Kahama, mkoa wa Shinyanga, katika Mfungo Mosi, na sisi tulikwenda. Boti mpaka Dar es Salaam, kisha basi: Dodoma, Singida, Nzega, mpaka miguu ikavimba. Lakini harusi ilipendeza, mashaallah.

Aliyekosa kufika ni bibi wa bibi harusi, mama mzaa baba, Msukuma wa zamani, umri umepita themanini na miguu haimchukui tena. Yeye ndiye aliyemlea yule binti mama yake akiwa kwenye biashara. Kwa hiyo mama mtu aliweka nia: gawio lake la kikoba la mwaka mzima angenunua TV kubwa, ili Bibi aione harusi akiwa amekaa kwenye kiti chake, kwa sababu kwenye simu macho yake hayaoni kitu. Akaenda dukani, akaonyeshwa TV ya inchi 55, boksi limeandikwa 4K na HDR kwa herufi za dhahabu. Muuzaji akamwambia: "Mama, hii ukiweka harusi utadhani uko ukumbini." Akatoa zaidi ya milioni moja, taslimu.

Siku ya kuangalia tulikuwepo. Picha ilikuwa imechukuliwa na mpwa wetu kwa simu yake nzuri, na kwenye kioo cha simu tulikuwa tumeshaiangalia mara nne njiani. Gauni jeupe, ushanga mmoja mmoja unauona, hina imekolea, na uso wa mtoto unang'aa na weusi wake mzuri. Tukaamkia, "Mwangaluka mayu," tukakaa kitako, flashi ikachomekwa. Pembeni ya TV ikatokea alama ya HDR. Halafu akatokea mtu tusiyemjua. Uso umefifia kama amesimama kivulini, hina haionekani, na gauni limekuwa shuka moja jeupe lisilo na ushanga wala mshono. Bibi akaangalia muda mrefu, kisha akauliza taratibu: "Mbona mjukuu wangu yuko hivi? Alikuwa anaumwa siku hiyo?"

Mama mtu alitoka nje. Tulimkuta nyuma ya nyumba anafuta macho kwa kanga.

Hapo ndipo tulipoanza kuulizia na kusoma, na leo tunasema tunachoamini. Kwa bei ambayo wengi wetu tunanunulia, neno HDR kwenye boksi la TV ni pambo tu. Simu nzuri iliyo mkononi mwako huenda inaionyesha HDR vizuri kuliko TV kubwa uliyoichangia mwaka mzima. Na anayeuza TV kwa neno hilo bila kueleza maana yake anauza nusu ya ukweli.

HDR ni nini hasa

Tuliweke kwa lugha ya nyumbani. Jicho alilotupa Mwenyezi Mungu linaweza kuona, kwa wakati mmoja, ushanga unaometa juani na mikunjo ya buibui jeusi kivulini. TV za zamani haziwezi. Zilitengenezwa kwa kipimo cha mwanga wa kama niti 100 tu. Niti moja ni kama mwanga wa mshumaa mmoja uliotandazwa kwenye eneo la mita moja ya mraba. Nguo nyeupe ikiwa nje kwenye jua la mchana hufika maelfu ya niti. Basi picha ya kawaida ilibidi ichague: ukiuokoa uso mweusi, gauni jeupe linaungua, ukiliokoa gauni, uso unazama gizani.

HDR ni njia ya kurekodi na kuonyesha picha ili vyote viwili vibaki. Dolby Vision ilitangazwa mwaka 2014, HDR10 ikafuata mwaka 2015, kisha BBC ya Uingereza na NHK ya Japani wakatengeneza aina yao kwa ajili ya matangazo. Picha ya kawaida ina rangi kama milioni 16.7. Picha ya HDR ina uwezo wa kubeba rangi zaidi ya bilioni moja. Na kipimo chake cha mwanga kwenye makaratasi kinafika niti 10,000, ingawa hakuna TV ya nyumbani ya kawaida inayofika huko.

Sasa angalieni, wapenzi. Mwanamke mweusi ndani ya gauni jeupe ndiye mtihani mgumu kuliko yote wa picha. Siku za filamu za kamera, kampuni ya Kodak ilikuwa ikitoa kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke wa kizungu, na maabara duniani zikisawazisha picha kwa ngozi yake. Sisi tukitoka weusi mtupu, meno tu ndiyo yanaonekana, tukaambiwa hatujui kukaa mbele ya kamera. Kwa hiyo HDR ikifanya kazi kweli, sisi ndio wa mwanzo kufaidika. Ndiyo maana tunakasirika tukiuziwa jina lake tupu.

Kwa nini TV ilishindwa na simu ikaweza

Kuna mambo mawili tofauti ambayo boksi linayachanganya. Moja ni TV kuweza kuipokea picha ya HDR, yaani ikipewa faili inalisoma na kuweka alama pembeni. La pili ni TV kuweza kuionyesha. TV nyingi za bei nafuu zina la kwanza, la pili hazina. Ni kama mtu anayeweza kupokea barua ya Kiarabu mlangoni lakini hajui kuisoma. Barua kapokea, hilo kweli.

TV ya kawaida ya LED ina taa nyuma ya kioo, na kioo chenyewe kazi yake ni kuzuia au kupitisha mwanga. Hebu fikirieni taa moja kubwa imewekwa nyuma ya pazia. Sehemu ya pazia ukitaka iwe nyeusi kabisa huwezi, maana mwanga unapenya. Sehemu ukitaka ing'ae zaidi ya taa yenyewe huwezi. TV nyingi za namna hii mwanga wake ni kama niti 250 au 300. Faili la HDR likifika linasema, ushanga huu uwe niti 800. TV haina. Basi inakata juu, gauni linakuwa shuka. Au inashusha kila kitu ili kipate nafasi, na uso unazama. Ndicho kilichompata binti yetu.

Simu nzuri za siku hizi zina kioo cha OLED, ambacho wengine hukiita AMOLED. Hapo hakuna taa nyuma. Kila kitone cha kioo ni taa yake, kinawaka chenyewe na kuzima chenyewe. Nyeusi ni nyeusi kwa sababu taa imezimwa, na jirani yake anaweza kuwaka kwa nguvu zote. Samsung Galaxy Note 7 ilikuja na HDR mwaka 2016, iPhone X ikafuata mwaka 2017. iPhone 13 Pro ya mwaka 2021 inafika niti 1,200 kwenye picha za HDR, na Galaxy S24 Ultra ya mwaka 2024 watengenezaji wake wanasema inafika 2,600.

Kuna jambo jingine watu hawalifikirii. Kwenye kioo kidogo, 4K huioni. Vitone ni vidogo kiasi kwamba jicho halitofautishi. Lakini mwanga na rangi unaviona hata kwenye kioo cha inchi 6. Kwa hiyo simu ndogo haipotezi chochote kwenye HDR kwa udogo wake. Na ni rahisi zaidi kutengeneza kioo kizuri cha inchi 6 kuliko cha inchi 55. TV ya OLED ya inchi 55 ipo, na ni nzuri sana, ila bei yake kwa muuza chai wa Katoro ni ya kusikia tu.

Lakini tusiwe mashabiki. Simu nazo zina maneno yao. Hizo niti elfu mbili na kitu ni kwa sehemu ndogo ya kioo na kwa muda mfupi, si kioo kizima. Simu ikipata joto inashusha mwanga yenyewe, na anayekaa Shinyanga wakati wa kiangazi anajua joto ni nini. Na simu nyingi za bei ya chini tunazonunua hazina OLED wala HDR, zina kioo kile kile cha taa ya nyuma. Kwa hiyo tusimwambie mtu kwamba kila simu inaishinda kila TV. Tunasema hivi: simu ya daraja la kati au la juu yenye OLED inaishinda TV ya bei nafuu kwa HDR.

Watu wa dhahabu wanatushangaza

Jambo lililotukera zaidi ni mahali lilipotokea. Geita na Shinyanga ni nchi ya watu wanaojua kupima. Mwadui, karibu na mji wa Shinyanga, ndiko lilikotoka almasi la waridi la karati 54.5 mwaka 1947, likapelekwa kuwa zawadi ya harusi ya Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Baada ya kukatwa likabaki karati 23.6. Zaidi ya nusu ya uzito ilitupwa ili mwanga upite sawasawa ndani ya jiwe. Watu wa almasi hawahesabu ukubwa peke yake, wanaangalia jiwe linavyocheza na mwanga.

Na dhahabu vile vile. Mwaka 2019 serikali ilianza kufungua masoko ya madini, na Geita ilikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo. Kabla ya hapo wachimbaji wadogo walikuwa wakilalamika kwamba wanapunjwa, mizani haieleweki na bei anaitamka mnunuzi. Sokoni dhahabu inapimwa uzito na inapimwa ubora mbele ya mwenye mali. Hakuna anayekubali kulipwa au kulipa kwa sababu tu kipande kinang'aa. Mchimbaji aliyeshinda siku tatu ndani ya duara ukimwambia, "Niamini, hii ni karati 24," atakucheka.

Sasa mchimbaji huyo huyo, au mkewe anayempikia yeye na wenzake, akitoka na pesa yake halali anaingia duka la TV, anaonyeshwa herufi tatu kwenye boksi, anatoa milioni. Hakuna mizani. Hakuna anayeuliza ina niti ngapi. Tulimuuliza ndugu yetu kama muuzaji alitaja kiwango cha mwanga. Akasema, "Alitaja inchi, alitaja Bluetooth, na akanipa kikombe cha zawadi."

Wenzetu wengine wameliona jambo hili. Mwezi Januari 2016 umoja wa makampuni ya TV na filamu, UHD Alliance, uliweka kipimo: TV ya taa za nyuma iwe na zaidi ya niti 1,000, au ya OLED iwe na zaidi ya niti 540 na weusi wa kweli, ndipo ipate alama yao. Ulaya, tangu Machi 2021, lebo ya matumizi ya umeme kwenye TV inaonyesha madaraja mawili, moja la picha ya kawaida na moja la HDR, kwa sababu HDR ya kweli inakula umeme zaidi. Kwetu boksi linasema HDR, basi, hakuna daraja.

Hapa pana jambo la dini pia, na tunalisema bila kumhukumu mtu. Tumefundishwa tangu vyuoni kisa cha Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita sokoni akaingiza mkono kwenye rundo la nafaka, akakuta chini kumelowa. Mwenye mali akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu watu waione. Hakuambiwa nafaka yake isiuzwe. Aliambiwa aionyeshe. Muuzaji wa TV anaweza kuwa hajui mwenyewe maana ya HDR, na hilo tunalikubali, wengi hawajui. Lakini ukishauza kwa neno, lijue. Na sheria ya nchi nayo ipo: Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na Tume ya Ushindani inapokea malalamiko. Mkoba wako una haki.

Basi tuache TV?

Hapana, hata kidogo. Tulipojadiliana wenyewe kwa wenyewe, mmoja wetu alisema bora kila mtu aangalie kwenye simu yake, kwa nini mtu apoteze milioni. Tulimpinga, na sababu zetu ni hizi.

Kwanza, simu ni ya mtu mmoja. Kwa wengi wetu kisiwani TV ilianza kuwa ya mtaa mzima. Zanzibar ilipata televisheni ya rangi mwaka 1973, wakati Bara ilisubiri mpaka miaka ya tisini, na mama zetu wanakumbuka kukaa mkekani kwa jirani mwenye TV, watoto mbele, wakubwa nyuma, mtu akitoka na kahawa mwengine na kashata. Picha yenyewe leo tungeiona mbaya. Lakini hakuna aliyekaa peke yake kwenye kona kainamisha shingo.

Pili, pale machimboni wanaume wana vibanda umiza vyao vya mpira na filamu. Mwanamke wa Katoro au Nyarugusu hana kibanda. Simu nzuri ya nyumbani mara nyingi iko mfukoni mwa baba, naye yuko duarani. TV ikiwa sebuleni ni ya mama na watoto, na ya Bibi ambaye macho yake hayawezi kioo cha inchi 6.

Tatu, kuna picha ambazo hazifai kupita mkononi. Harusi yetu ina sehemu za wanawake watupu, vichwa wazi, na hizo tumeaminiana zisitumwe. Zikishaingia kwenye makundi ya simu huzishiki tena. Flashi inachomekwa kwenye TV, mlango unafungwa, tunaangalia, tunacheka, flashi inarudi kabatini.

Kwa hiyo kwetu jibu ni kuinunua TV kwa sababu zake za kweli, yaani ukubwa, picha safi ya kawaida, sauti, waranti na fundi wa karibu. Pesa ya ziada usiitoe kwa ajili ya herufi tatu ambazo TV haiwezi kuzitimiza.

Na mujue pia, chaneli nyingi tunazoangalia kwenye ving'amuzi ni picha ya kawaida. Tamthilia, mpira na taarifa ya habari havitabadilika hata ukiwa na HDR ya kweli. HDR inapatikana kwenye baadhi ya video za YouTube, kwenye Netflix kwa kifurushi cha juu, na kwenye video za simu zetu wenyewe. Netflix wenyewe wanasema picha ya 4K inaweza kula mpaka GB 7 kwa saa moja. Piga hesabu ya bando lako, halafu uulize filamu moja itakula chakula cha siku ngapi.

Ukienda dukani fanya hivi

1. Beba flashi yako yenye video yako mwenyewe, iliyochukuliwa na simu, yenye uso wa mtu mweusi na nguo nyeupe. Usikubali video ya dukani yenye maua na samaki wa rangi. Ile imetengenezwa ili kila TV ipendeze.

2. Mwambie muuzaji aitoe TV kwenye hali ya dukani aiweke hali ya nyumbani. Dukani mwanga na rangi vimepandishwa mpaka mwisho. Nyumbani hutaviona hivyo.

3. Uliza ina niti ngapi. Ikiwa chini ya 400, au hakuna anayejua, hesabu kwamba HDR haipo na ulipe bei ya TV isiyo na HDR. Kuanzia 600 kwenda juu ndipo mazungumzo yanaanza.

4. Uliza kama taa za nyuma zinaweza kuzima sehemu sehemu. Zile ziitwazo Mini LED zinafanya hivyo vizuri. Na muwe macho na herufi: QLED si OLED. QLED ni TV ya taa ya nyuma iliyoongezwa rangi. Inaweza kuwa nzuri, lakini si kitu kimoja.

5. Dai risiti ya mashine na karatasi ya waranti, na mwambie muuzaji aandike kwenye risiti jina kamili la aina ya TV, si "TV inchi 55" tu. Bila hivyo huna pa kusimama.

Na kwa wanaorekodi harusi kwa simu, tunawasihi: kabla ya kuanza, ingia kwenye mipangilio ya kamera utazame kama HDR ya video imewashwa. iPhone tangu toleo la 12 la mwaka 2020 zinarekodi kwa Dolby Vision na huja ikiwa imewashwa tayari. Samsung za juu zina HDR10+ ambayo unaiwasha mwenyewe. Kama video itaangaliwa kwenye simu nzuri tu, iache. Kama itakwenda kwenye TV za watu wa kawaida, izime, au mwisho mtengeneze nakala mbili. Jambo la dakika moja linaweza kuokoa harusi nzima, maana harusi hairudiwi ili irekodiwe upya.

Tulivyomaliza kwa Bibi

TV haikurudishwa. Dukani walisema mali ikishafunguliwa haipokelewi, na risiti ilikuwa imeandikwa kijuujuu. Ndiyo maana tumesisitiza namba 5.

Mpwa wetu alikaa usiku na laptopu ya jirani akaitengeneza nakala ya kawaida ya ile video. Asubuhi tukaweka TV kwenye hali ya sinema, tukazima kile kitu cha kubana umeme kinachopunguza mwanga, tukashusha mapazia, maana jua la Katoro likiingia sebuleni hakuna TV ya niti 300 inayolishinda. Tukachomeka flashi. Haikuwa kama kwenye simu, tusidanganyane. Ushanga haukumeta vile. Lakini uso ulirudi. Hina ilionekana. Bibi akasogeza kiti mbele, akanyoosha kidole karibu aguse kioo, akasema, "Sasa ndiye." Akaomba irudiwe kutoka mwanzo, na alipofika sehemu ya binti kulia akiagwa, naye akalia, na sisi tukalia tena kama hatukuwepo siku ile.

Ndugu yetu alisema neno ambalo hatujalisahau. Alisema angeinunua TV ile ile hata kama angeambiwa ukweli. Angelipa pungufu, angejua la kufanya na flashi, na mama mkwe wake asingedhani mtoto wake aliolewa akiwa mgonjwa.

Hicho ndicho tunachowadai wauzaji, Bara na Visiwani: tuambieni TV inafanya nini na haifanyi nini, kisha mtuachie tuamue wenyewe. Na sisi akina mama tuache kuona haya kuuliza maswali mbele ya boksi. Anayejua kuchagua kanga kwa kuishika na kuigeuza nyuma atazame kama rangi imepenya, anajua pia kuchagua TV.

Mwenyezi Mungu azibariki pesa zetu za halali, awafungulie riziki ndugu zetu wa Katoro, Kahama na Geita, na atupe wauzaji wakweli na macho ya kutambua. Amin.